Mwalimu Aliyetupimia Maneno

Nimeombwa ukurasa mmoja tu. Wanafunzi wa zamani wa shule yetu wamepanga kumuenzi mwalimu wetu wa Kiingereza siku ya mahafali ya mwaka huu, na kwa kuwa mimi nina duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Chumbageni, na nimekulia nyumba ya tatu kutoka kwake, wakaona wasifu wake niuandike mimi. Ukurasa mmoja, wakasisitiza, maana mgeni rasmi ana haraka. Mwalimu mwenyewe angewaunga mkono. Lakini mtu niliyemjua tangu ningali kibogoyo simmalizi kwa ukurasa mmoja. Wa kwao nitauandika baadaye. Huu ni wangu.

Na kuna jambo nilitangulize, msije mkasema niliwaficha. Binti yake, ambaye ndiye anayemuuguza sasa, hataki baba yake aende kwenye sherehe hiyo. Tangu Mwalimu apate kiharusi, miaka miwili iliyopita, miguu imerudi, mikono imerudi, na ulimi umerudi vizuri kabisa, ila umerudi peke yake, bila yule mlinzi aliyekuwa akiulinda. Mtu aliyeishi miaka sabini na ushei akipima kila neno, leo anasema chochote kinachomjia, kwa yeyote, kwa sauti kubwa. Binti anaona aibu. Wageni anawaambia baba amelala. Wenzangu wakanituma nikambembeleze, nami sikuwaambia kwamba nina langu na Mwalimu, ambalo limenikaa kooni tangu nina miaka kumi na minane.

Mwalimu alikuwa mtu wa nusu nusu. Chai nusu kikombe. Sukari nusu kijiko, na hicho kijiko alikigongagonga kwanza kwenye ukingo wa kopo kisije kikabeba zaidi ya haki yake. Chaki aliivunja kabla hajaandika, nusu ubaoni, nusu mfukoni kwa kipindi kijacho. Siku ya Idi alikuwa mgeni wa nyumbani kwetu, ingawa yeye ni Mkristo, Mbondei wa upande wa Muheza, na mama alimpakulia pilau kwa mkono mkunjufu mpaka nyama inaanguka mkekani. Mwalimu alikula mpaka katikati kabisa ya sahani, kama aliyechorewa mpaka, kisha ananawa.

"Jirani, imetosha. Mungu akuzidishie."

"Azidishe nini, na hiki chenyewe umekibakisha?" mama alikuwa akimjibu. Akishatoka, mama anageukia sufuria. "Mwalimu huyu anakula kama kaja kuonja chumvi."

Darasani hakupaza sauti hata siku moja. Sisi tukipiga kelele, yeye alishusha sauti. Tukizidi, naye anazidi kushusha, mpaka unaona midomo inacheza na husikii kitu, na kwa kuwa mitihani yake ilitoka katika yale aliyokuwa akinong'ona, tulinyamazishana wenyewe kwa viwiko. Wapo walimu waliovunja fimbo juu yetu na hawakupata ukimya kama ule.

"Sentensi ikiisha, toka," alituambia tulipoandika insha. "Usisimame mlangoni kuaga kama mgeni asiyetaka kwenda."

Hilo nalitumia dukani kwangu mpaka leo. Mtu ananiletea barua ya kuomba kazi, kurasa tatu, imejaa napenda kuchukua fursa hii adhimu, nami nakata, nakata, mpaka inabaki barua. Wengine wananuna na kuniambia wamelipia kuchapiwa, hawakulipia kukatwa. Wanaopata kazi wanarudi na soda.

Ajabu ni kwamba mtu huyu aliyejizuia kwa kila kitu alikuwa na mapenzi makubwa na maneno ya kuwaelezea watu wasiojizuia. Alikuwa na daftari zima, jalada gumu la bluu, la maneno ya Kiingereza yenye maana hiyo tu: mtu kazidi, kapita, kakosa kiasi. Aliyakusanya kama watu wengine wanavyokusanya stempu. Tulipofika kidato cha pili akatupangia ubaoni kama ngazi, akatuambia tuyachukulie kama pilipili.

"Hili la chini, immoderate, ni pilipili hoho," alisema kwa ile sauti yake ya kunong'ona. "Mtu kazidisha kidogo, kaongeza wali. Unaweza kulisema hata mbele ya bibi yake. Unrestrained, hapa tumefika pilipili mbuzi. Harufu nzuri, lakini ukiishika usijifute jicho. Reckless, huyu anavuka barabara haangalii kushoto wala kulia. Unbridled, huyu ni punda aliyekata kamba. Bado ni punda mzuri, lakini nani atamkamata? Na hili la juu kabisa," akaligonga kwa chaki, "wanton, hii ni pilipili kichaa. Msimwandikie mtoto wa mtu, hata kama kachoma nyumba."

Darasa likacheka. Mimi nikanyoosha mkono, na wanaonijua wanajua kwamba mkono wangu ulikuwa haushuki. Nikamuuliza kwa nini Waingereza wana majina mengi hivyo ya kosa moja.

"Labda kwa sababu wanaliogopa," akasema.

"Na sisi hatuliogopi, Mwalimu?"

"Nyinyi watu wa pwani? Nyinyi mna moja tu. Hana kiasi. Basi."

Hapo alinigusa pabaya. Nilifika nyumbani nikamkuta mama anakoroga unga wa vitumbua vya kuuza asubuhi, nikamweleza. Mama akaacha mwiko. "Moja? Kasema moja? Hebu kaa chini uandike, mwanangu." Akaanza kunitajia: anaropoka, anapayuka, anabwabwaja, kafurutu ada, kachupa mpaka, mdomo wake hauna kifuniko, ulimi wake hauna mfupa. Jirani wa dirishani akasikia akatia la kwake, na mwingine akaja na ungo mkononi akatia la kwake, na mojawapo mama aliniambia nilifute hapo hapo na nikanawe mikono. Kesho yake ubao ulijaa mpaka nikaandika ukutani. Mwalimu alisoma yote taratibu, mikono nyuma. Kisha akatoa daftari lake la bluu akayanakili, moja baada ya jingine, sisi tumekaa tunamngoja.

"Mwambie mama yako nimeshindwa," akaniambia. Nadhani ndiyo siku niliyoanza kumpenda.

Lakini kila mtungi una mahali unapovuja, na Mwalimu alivujia kwenye machungwa. Msimu ukifika, ndugu zake wa Muheza walimletea gunia. Aliketi barazani na kisu kidogo, akamwambia mkewe, Mungu amrehemu, ambaye aliugua miaka mingi na alikuwa akilala chumba cha mbele dirisha wazi: "Moja tu, nione kama ni matamu." Ikifika adhana ya alasiri maganda yamemfika vifundoni, mikono ya shati imelowa, kidevu kinang'aa, na anatema mbegu uani kama mtoto wa chekechea. Siku moja nilihesabu kumi na saba. Nikajipa moyo nikamuuliza, "Mwalimu, sasa hii ni pilipili gani?"

Akameza kwanza. "Hii si kula," akasema. "Hii ni kwenda nyumbani." Akamenya jingine akanipa. Alinipa zima.

Mwezi wa kumi na mbili, shule zikifungwa, baraza lile liligeuka ofisi. Ripoti zetu zilikuwa na nafasi chini ya maoni ya mwalimu wa darasa, na maoni yaliandikwa kwa Kiingereza, maana ndivyo shule ilivyotaka. Kina mama wa mtaani Kiingereza hawakukijua. Basi walichukua ripoti wakampelekea msomi wa mtaa awasomee, na msomi wa mtaa alikuwa yeye yule aliyeziandika. Hakuna aliyeona kichekesho. Walipanga foleni wamejitanda khanga, ripoti zimo kwenye mifuko ya nailoni zisilowe jasho, wamsikilize Mwalimu akiwasomea alichoandika Mwalimu.

Siku moja nilisimama nyuma ya kiti chake, mama akingoja zamu yake. Alikuwa akimsomea mama mmoja ripoti ya mwanawe, kijana aliyekuwa akiruka ukuta wa shule kila Ijumaa na kuwavuta wenzake waruke naye. Kiingereza, kwa ule mwandiko mzuri wa kulala, kilisema reckless, kikasema anawaponza wengine. Mwalimu akasafisha koo.

"Mama, imeandikwa kwamba mwanao ana haraka ya maisha. Umuombee atulie."

Yule mama akashukuru, akaondoka uso umenawiri. Mimi kicheko kikanitoka puani. Mwalimu akageuka, akanitazama mpaka nikaanza kuchezea kucha.

Foleni ilipokwisha aliniita. "Kile Kiingereza ni cha faili," akasema. "Huyu mtoto leo anarudi kulala kwao, na baba yake ana mkanda. Ulitaka nimsomee faili?"

Nikamuelewa. Niliona ni huruma, na ilikuwa huruma kweli. Ilinichukua muda kuona kwamba ukweli unaoandikwa kwa lugha ambayo mama yako haijui umeandikwa ili asiujue.

Sasa nifike kwenye langu. Shule yetu ilikuwa ya kutwa, na chakula cha mchana kilitokana na michango ya wazazi, kila mzazi debe la mahindi na nusu debe la maharage. Mama alikuwa mjane, anauza vitumbua, lakini debe lile alilipata kila mwaka. Wala hakulipeleka hivi hivi. Alilipeta uani kutwa nzima, akachambua punje mbovu moja moja, macho yanamtoka machozi kwa vumbi. "Wanakula watoto wa watu," alisema. Tulichopakuliwa shuleni kilikuwa makande ya mahindi yaliyotobolewa, mepesi kama maganda, fukusi wakielea juu ya mchuzi. Mahindi ya mama zetu yalipokewa geti la mbele mchana na kutokea geti la nyuma jioni. Wapishi walijua. Walimu walijua. Sisi tulijua, na tulikuwa tukiwatoa wadudu kwa ncha ya kijiko huku tukitaniana kwamba leo kuna nyama.

Nilipokuwa kidato cha nne nikachaguliwa kusoma risala ya wahitimu mbele ya mgeni rasmi. Aliyenichagua ni Mwalimu, na wenzake walimwonya. Risala iliandikwa kwa Kiingereza, ikapita mikononi mwake, ikarudi imejaa wino mwekundu. Nilikuwa nimeweka sentensi moja juu ya chakula. Akaikata. Nikairudisha kwa maneno laini zaidi. Akaikata tena.

"Siku ya mahafali watu wanakuja kushangilia," alisema, bila kunitazama. "Kila jambo lina mahali pake."

"Na la mahindi mahali pake ni wapi, Mwalimu?"

Akafunika kalamu yake, akasema kengele imelia. Haikuwa imelia.

Siku ilipofika, mama alikaa safu ya tatu, khanga mpya doti nzima. Mkuu wa shule alisimama kabla yangu, akawashukuru wazazi kwa mahindi yao, akasema ndiyo siri ya afya ya vijana hawa. Watu wakapiga makofi. Mama naye akapiga makofi, kwa mikono ile ile iliyopeta. Nikaiona hiyo mikono ya mama, na sikuona kingine. Nilisoma risala yangu vizuri mpaka mstari wa mwisho, nikaikunja. Kisha nikasema kwa Kiswahili, kwa sauti iliyofika barabarani, kwamba mahindi wanayoyaleta wazazi wetu siyo tunayokula sisi, na asiyeamini aende jikoni sasa hivi, sufuria liko motoni.

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele, kikakatika katikati alipoona yuko peke yake. Nikamtafuta Mwalimu kwa macho. Alikuwa safu ya walimu, anatazama viatu vyake. Mgeni rasmi akakohoa. Mkuu wa shule akachukua kipaza sauti, akasema vijana wa siku hizi kwa utani hawajambo, watu wakacheka, kwaya ikaitwa. Jikoni hakwenda mtu.

Cheti changu kilitoka mwezi uliofuata. Mahali pa tabia, kwa mwandiko wa kulala ninaoujua, palikuwa na maneno matano: Able, but unbridled in speech. Nina uwezo, lakini ulimi wangu ni punda aliyekata kamba. Mama akanipokonya akakimbia nacho kwa Mwalimu, kama desturi, nami nikamfuata nyuma. Mwalimu alikishika muda mrefu kwa maneno machache kama yale.

"Jirani," akasema hatimaye, "imeandikwa mwanao ana uwezo. Na ana sauti."

"Sauti anayo!" Mama akacheka akajipiga paja. "Alhamdulillahi, sauti anayo!"

Nikanyamaza. Kati ya siku zote za maisha yangu nilichagua ile kuwa siku ya kujizuia, na nimeijutia kuliko yote niliyowahi kuropoka. Nikakipeleka cheti kile chuo cha ualimu, nikakipeleka kwenye ofisi mbili za mjini. Mtu anasoma, anafika pale, anatabasamu, anakirudisha mezani kwa kidole kimoja. Mama alikufa akiamini mwanawe alisifiwa kwa Kiingereza. Mahindi hayakuulizwa tena.

Tukaishi hivyo miaka thelathini, nyumba ya kwanza na ya tatu. Shikamoo Mwalimu. Marahaba, hujambo. Nilipofungua duka, mteja wa kwanza alikuwa yeye, na karatasi moja ya kutolewa kopi ambayo sidhani kama aliihitaji. Mama alipofariki alikuja mazishini, akasimama pembeni na mwavuli wake, na yeye ambaye kila mahali alikuwa wa kwanza kuaga, siku ile alibaki mpaka viti vinarudishwa. Nilimwona anataka kusema kitu. Hakusema, nami sikumuuliza. Nilikuwa nimefundishwa naye, jamani. Na jambo linaloniudhi mpaka leo ni kwamba muda wote huo niliendelea kumpenda.

Jumamosi iliyopita, asubuhi, nikaenda. Binti yake ni mdogo wangu kwa miaka michache, mpole, na uchovu umemkaa usoni. Alifungua mlango kidogo tu, kiasi cha kutoa uso.

"Baba amelala, dada."

"Nani kasema nimelala?" sauti ikavuma kutoka ndani. "Muongo huyo! Muongo, na sukari kanificha!"

Binti akafumba macho. Akatoka, akaurudisha mlango nyuma yake, tukakaa barazani. Akanieleza kwa sauti ya chini. Padri alikuja kumkomunisha, baba akamwambia mahubiri yake ni marefu na hayana kitenzi. Jirani kaja na wigi jipya, baba akamuuliza huyo paka amemuua lini. Matangazo ya vifo redioni yakisomwa, analia kwa watu asiowajua.

"Wewe ulimjua, dada," akasema. "Unakumbuka alivyokuwa. Mimi nataka watu wabaki na yule. Yule mkuu wa shule wenu wa zamani naye kaalikwa, atakaa mbele kabisa. Baba akianza maneno yake, je? Watamcheka. Watatoa simu zao wamrekodi. Baba yangu huyu, aliyekuwa hawezi hata kupiga chafya mbele za watu."

Kusema kweli nusu ya moyo wangu ilikuwa upande wake. Nami nilikuwa namtaka yule wa zamani arudi, kwa sababu yule ndiye niliyemdai maneno. Huyu wa sasa sikujua kama bado deni ni lake. Nikaomba nimwone tu, nimsalimie, niondoke.

Alikuwa ameketi kitandani kwa singlendi, amekonda, nywele nyeupe tupu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Marahaba! Umenenepa!" Akacheka, mikono hewani. "Umenenepa sana! Mama yako alikuwa mwembamba. Yuko wapi mama yako?"

"Alishatangulia, Mwalimu. Ulikuja kumzika."

Kicheko kikakatika. Uso ukakunjamana, akaanza kulia kwa sauti, mdomo wazi. "Nilimdanganya," akasema. "Yule mama nilimdanganya. Nakula pilau yake kila Idi, na nilimdanganya."

"Baba, inatosha," binti akasema kutoka mlangoni.

"Haitoshi! Wewe nyamaza, haitoshi! Mahindi yao yalikuwa yanaibwa. Niliona gari. Niliona linapakia, si mara moja, na mimi nikapitia upande wa pili wa uwanja kama nisiyeona. Mama yako wewe, binti yangu, alikuwa mgonjwa, na barua ya uhamisho wangu ilikuwa mezani kwa yule bwana, mkuu wa shule, inangoja saini. Angenipeleka huko bara mbali, nani angemuuguza? Nikaogopa. Nikaogopa, nikauita woga wangu kiasi. Watoto wote wale! Nawaambia nawafundisha kiasi, kumbe nawafundisha woga!"

Akanigeukia. "Wewe ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi na minane, Mwalimu."

"Mimi arobaini na tano! Nikaangalia viatu!" Akapiga godoro kwa kiganja. "Na cheti nilikuandikia mimi. Yule bwana alitaka nikuandikie lile la juu kabisa, pilipili kichaa. Nikamwandikia la chini yake. Nikarudi nyumbani nimefurahi! Nikajiona nimekutetea!"

Miaka thelathini nilikuwa nimeyapanga ya kumwambia siku hii ikifika, nimeyapanga vizuri, nimeyapunguza mpaka yamebaki yenye uzito. Hakuna hata moja lililokuja. Kilichonijia kwanza ni hasira.

"Kwa nini hukuyasema mama yupo hai?" nikamuuliza, na sauti yangu nayo ilikuwa juu. "Kwa nini hukuyasema ungali na akili zako?"

"Kwa sababu nilikuwa na akili zangu," akajibu.

Nikakaa chini kwenye ukingo wa kitanda, nikalia. Nilimlilia mama, ambaye angetoa chochote kuyasikia haya, na ambaye, namjua, angemsamehe mtu huyu kabla hajamaliza sentensi na kumuuliza kama amekula. Mimi si mama. Nilikaa tu pale, bega kwa bega naye, mpaka pumzi ikanirudia.

Binti alikuwa bado mlangoni. Nilidhani atanifukuza. "Unaona sasa?" akasema. "Ndiyo haya niliyokuwa nayakimbia. Akiyasema pale, watasema ni ugonjwa."

"Wapo watakaosema hivyo," nikamwambia. "Mimi siwezi kukudanganya."

"Wazazi watakuwepo?" Mwalimu akauliza, anajifuta pua kwa singlendi. "Kina mama watakuwepo?"

"Watakuwepo, Mwalimu."

"Basi nipelekeni. Nikawasomee sawasawa."

Binti akamtazama baba yake. Sijui alimwona nani pale kitandani, yule au huyu. Kisha akaenda kabatini, akatoa suti ya kijivu iliyofunikwa nailoni, akaikung'uta.

"Nishikie hapa," akaniambia. "Tumjaribishie tuone."

Suruali ilimpwaya kiunoni hata ngumi mbili zingepita. Tukaikusanya nyuma, binti akashika pini mdomoni, mimi nikashika kitambaa, na Mwalimu katikati yetu analalamika kwa sauti ya kusikika nyumba ya tatu kwamba tunamchoma, kwamba mikono yangu ni ya baridi, kwamba suti hii hakuipenda tangu siku ya kwanza, kwamba anataka sukari. Wala hakuna kati yetu aliyemwambia anyamaze.